Chenso ya Baba Ilikuwa Inachoka Alasiri

Juzi nilitoka Kakese mpaka Majengo juu ya bodaboda nikiwa nimepakata msumeno wa moto, huu ambao sisi Mpanda tunauita chenso, nimeuviringisha kanga kama mtu anayewahisha mtoto kliniki. Kila tuta tulilopita ulinidondoshea oili kwenye sketi. Dereva akaniuliza, "Dada, huyo mtoto mbona anavuja?" Nikamwambia huyo mtoto ana umri mkubwa kuliko mimi na yeye tukijumlishwa, apunguze mwendo.

Tulikuwa tumemaliza arobaini ya baba. Ndugu zake waligawana vinavyogawanyika, majembe, baiskeli, mabati ya akiba, na chini ya kitanda ikabaki ile chenso ndani ya gunia. Hakuna aliyeitaka. Mimi niliitaka, na wala si ya kukatia kitu. Nilitaka kuisikia tena, hata kwa dakika moja, kwa sababu, rafiki yangu, mimi nimelelewa na ile mashine.

Usinicheke. Mama alifariki sijaota meno ya kutosha, na baba hakuoa tena. Nyumba yetu ilikuwa ya mwisho kabisa. Ukimaliza choo chetu unaanza msitu, na msitu huo kwa macho yangu ya utoto ulikuwa unaishia Kongo. Baba alikuwa na kibali cha kupasua mbao za mninga. Alitoka alfajiri na chenso begani, pamoja na mwenzake wa kazi aliyekuwa anapima magogo na kubeba petroli. Huyo mwenzake nilimwita baba mdogo, ingawa damu hatukuchangia. Mimi niliachiwa ufunguo shingoni, viazi ndani ya sufuria, na ukimya. Ukimya wa ile nyumba ungeweza kuukata vipande ukaupeleka sokoni. Nikitoka shule nilipiga hodi, nikajiitikia karibu, nikaingia.

Lakini ukisimama uani ukatulia, ulisikia mashine kwa mbali. Na haikuwa moja. Kule porini walikuwepo wapasuaji wengine, na chenso zao zote zililia kwa sauti ile ile nyembamba, kama nyuki waliochokozwa. Ya baba nayo asubuhi ililia hivyo hivyo, nisingeweza kuitofautisha hata kwa dawa. Alasiri ndipo ilipobadilika. Nikiwa nimeshafika nyumbani, kabla hata sijavua sare, moja kati ya zile mashine ilianza kukwaruza. Sauti ilishuka, ikawa nzito, inaguna na kukohoa kama mzee anayepanda mlima na gunia la mpunga. Hapo nilijua hiyo ndiyo yetu. Imechoka.

Ndiyo, niliamini kabisa kwamba chenso huchoka kama ng'ombe wa plau, na kwamba yetu ilichoka mapema kwa sababu ya uzee. Mwalimu wa darasa la pili alipotuuliza vitu vinavyochoka, nilinyoosha mkono mpaka bega likataka kutoka. Nikasema mtu, ng'ombe na chenso. Darasa lilicheka mpaka bati zikatingishika. Sikubadilisha jibu.

Jirani yetu alikuwa mama mmoja ambaye wazazi wake walitokea Burundi, fundi wa maharage ya mawese ambayo harufu yake nina uhakika ilikuwa inasimamisha treni ya Tabora. Akiniona nimekaa kizingitini alikuwa anauliza, "Baba analia?" Maana yake mashine inalia? Namjibu analia. "Basi kama analia, yupo. Njoo unichambulie maharage." Nilichambua huku sikio moja likiwa porini. Aliniachia punje zote mbovu nizirushie kuku wake, na jua likielekea kushuka alinipakulia sahani nikale kwetu. Kula kwake alikuwa ananiruhusu, ila mimi nilipenda kula uani, upande ule ambao sauti ilikuwa inatokea. Huo ndio ulikuwa mkeka wetu wa chakula, mimi na baba.

Ilikuwepo siku mashine ilikatika katikati ya mguno na isiwake tena. Nilisimama uani na tonge mkononi likapoa, likakauka, karibu liote majani. Nilishasikia habari za miti inayogeuka na kumwangukia mtu. Alipotokea kwenye njia, amejaa unga mwekundu wa mninga mpaka kwenye nyusi, nilimkimbilia nikamshika mguu. Alisema, "Plagi ililowa." Akaingia ndani kuoga. Baba alikuwa mtu wa maneno ya kuhesabika.

Maneno mengi aliyapeleka kwa chenso. Jumapili tukitoka misa alitandika gunia chini ya paa, akaifungua yote. Kabureta aliiosha kwa petroli na unyoya wa kuku, akapuliza vitundu vyake mashavu yakivimba kama anapiga tarumbeta ya parokia. Meno ya mnyororo aliyanoa kwa tupa ya duara, jino moja baada ya jingine, anasukuma kwenda mbele tu. Kazi yangu ilikuwa kushika bakuli la skrubu. Wakati fulani kuku alimeza skrubu moja, na baba alimfuata yule kuku kijiji kizima kwa heshima kubwa, kama anafuata mheshimiwa. Akishamaliza aliwasha, akainama na bisibisi ndogo kwenye kabureta, akazungusha kidogo, akasikiliza, akazungusha. Alikuwa ananiambia, "Sikiliza kwa kifua. Masikio yanachelewa." Nilikuwa naweka kiganja kifuani na sisikii chochote isipokuwa moyo wangu, ila niliitikia kwa kichwa.

Nilipokua nikaondoka Kakese. Nikawa nauza dukani, nikasoma masomo ya jioni na watu wenye wajukuu, nikapata cheti changu cha kidato cha nne nikiwa nimesinzia nusu ya fizikia. Utoto wangu nimeusimulia kila mahali kwa kicheko: mtoto aliyelelewa na mashine. Sehemu moja huwa naruka. Sikuwahi kujua kama kule porini, kutwa nzima, yule mtu alikuwa ananikumbuka. Nilimuuliza siku moja nikiwa mtu mzima, nikijifanya natania. Alifikiri kidogo akasema, "Nilikuwa kazini." Basi. Nimeishi na jibu hilo muda mrefu, na mwezi uliopita tukamzika nalo.

Kwa hiyo pale Majengo nilimpitia baba mdogo, ambaye sasa anaishi kwa binti yake, nikamkalisha kwenye tairi mbele ya kibanda cha fundi. Nilitaka angalau mtu mmoja mwingine pale awe anaifahamu ile sauti. Fundi, kijana mwenye miwani iliyofungwa kwa waya, alifungua kabureta akatoa kipira chembamba cha ndani, kimekauka kama jani la tumbaku. Mrija wa petroli ulivunjika alipougusa tu.

"Dada, hii ulikuwa unaifuga au?"

"Weka vipya," nikamwambia. "Maneno tutaongea ikiwaka."

Aliweka vipya. Akasafisha plagi, akakwangua masizi kwenye bomba la moshi, akachanganya petroli na oili. Alivuta kamba mpaka jasho likamtoka, akapumzika, akavuta tena, na ile mashine ikalipuka moshi wa buluu, Majengo nzima ikakohoa. Akachukua bisibisi. Kisha akasita, akafuta kabureta kwa kidole, akaniita nione. Pembeni ya skrubu ya mwendo kasi, ile inayopimia injini petroli, palikuwa na mikwaruzo miwili iliyochorwa kwa ncha ya tupa.

"Huu wa kwanza naukubali," akasema. "Ndipo mahali pake." Akaisimamisha skrubu hapo, akavuta mafuta, mashine ikalia nyembamba, safi, kama zile zote za porini. "Huu wa pili siuelewi. Unaimwagia petroli mpaka inakabwa. Nguvu inapungua, mafuta yanakwisha. Sasa mtu achore alama ya kuharibu?"

"Jaribu hapo tuone," nikasema.

Akazungusha mpaka alama ya pili. Sauti ikashuka. Ikaanza kuguna na kukohoa, nzito, ile ile, na mimi nikashika nguzo ya kibanda.

Baba mdogo hata hakugeuka. Kutoka pale kwenye tairi alisema tu, "Mtoto ametoka shule."

Nikamuuliza anasemaje. Fundi akapunguza moto tusikilizane.

"Si ndiye baba yako," baba mdogo akasema. "Jua likifika hapa," akanyoosha mkono wake mkavu kuelekea paa la jirani, "alikuwa anasimamisha kazi anafungua hiyo skrubu. Nilikuwa nagomba naye kila siku. Petroli tunabeba mgongoni, bwana, wewe unamwaga. Ananiambia, mtoto ametoka shule, mashine zote hizi zinalia sawa, atanijuaje? Akimaliza kusema hivyo anaendelea kukata, polepole, maana hapo haina nguvu. Gogo la saa moja tunakwenda nalo mpaka jioni."

"Mbona hukuwahi kuniambia, baba mdogo?"

"Nilidhani unajua. Si ulikuwa unasikia?"

Nilisikia, ndiyo. Nilisikia miaka yote nikasema imechoka.

Fundi, ambaye hakutaka kuingilia, alisubiri kadiri adabu ilivyomruhusu, akauliza, "Sasa dada, niiache kwenye alama ipi?"

Nilitazama barabarani. Watoto wa shule walikuwa wanapita na mabegi yao, wanasukumana, na hakuna hata mmoja aliyegeuza shingo kwa ule mguno. Kwa nini wageuze? Haukuwa wao.

"Kwenye ya kazi," nikamwambia.

Akarudisha skrubu, mashine ikalia nyembamba kama nyingine yoyote, akaizima.

Msitu wa Kakese sasa ni mahindi na alizeti mpaka upeo wa macho, na wapasuaji wamesogea mbali kiasi kwamba ukisimama uani kwetu unasikia redio za bodaboda tu. Mama jirani alirudi kwa wanawe. Nyumba imechukuliwa na mdogo wake baba wa damu, amepaka rangi, imependeza. Mimi nina chumba changu mjini, kizuri, kina umeme na pazia la maua ambalo wageni wangu wote wawili wamelisifia. Jioni nafunga duka, natembea, natoa ufunguo. Namwongelesha kufuli, nacheka, maana ndivyo nilivyo. Halafu naingia, na hakuna mtu duniani anayejua saa hiyo kwamba nimefika.