Ndiva ya Umeme Chome

Jumatatu nilikuwa Same, nimeegesha gari langu la kulala, simu ikaita. Alikuwa mama mdogo Nakunda kutoka Chome, na hata salamu hakungoja. Mvua imeangusha nguzo, umeme hakuna, na mashine yake ya kutotolesha vifaranga imezima. Mdondo, ule ugonjwa wa kuku, ulikuwa umemmalizia kuku wote. Mayai thelathini yaliyokuwa ndani ya mashine ndiyo mbegu pekee iliyobaki, na yalibakiza siku mbili kuanguliwa.

"Nimeyafunika blanketi na chupa za maji ya moto," alisema. "Hiyo betri unayojisifu nayo iko wapi?"

Kweli nilikuwa nikijisifu. Betri ya lithiamu, paneli ya sola juu ya paa, kioo kinachoonyesha asilimia. Jua la Same halina utani. Saa nne kioo kilisoma mia moja, nikawasha gari.

Njia ya kupanda ilikuwa matope na mawe, na kila kona ilinisogeza kwenye ukungu. Saa tisa alasiri nilifika, mabega yanauma.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, karibu. Waya kwanza, chai baadaye."

Tulipitisha waya dirishani, mashine ikawaka, mama mdogo akapiga makofi. Nilikunywa chai kama fundi mkuu.

Jumanne saa moja asubuhi kioo kilisoma thelathini na nane. Nilishtuka. Mashine ile ndogo haiwezi kula kiasi hicho! Nje ukungu ulikuwa mzito na paneli ilichaji kwa matone tu. Nililaumu ukungu, nikalaumu baridi, nikalaumu waya. Mama mdogo alinisikiliza, kisha akanionyesha bondeni, kwenye ndiva, bwawa lao la kumwagilia. Jioni hufungwa lijae, asubuhi hufunguliwa kwa zamu.

"Maji yakipungua shambani hatuanzi na mvua," alisema. "Tunapanda na mfereji tuone nani anakunywa huko juu."

Akaushika waya kwenye mashine, akaufuata kwa vidole: dirishani, uani, garini, mpaka kwenye betri. Pale palitoka waya wa pili. Aliufuata nao hadi chini ya kitanda changu, kwenye friji, akafungua mlango. Ndani mlikuwa na soda mbili na siagi.

"Kumbe na soda nazo zinaatamiwa?"

Nilitamani ardhi inimeze. Usiku kucha friji yangu ilikuwa imekunywa sawa na mayai yake. Niliuchomoa ule waya.

Jumatano saa tano asubuhi kioo kilisoma tisa. Tulikuwa tumepiga magoti mbele ya mashine, mama mdogo anaomba kimoyomoyo, mimi sijui pa kutazama. Yai moja likapasuka, mdomo mdogo ukachungulia. Mama mdogo alilia, nami machozi yalinitoka. Hadi jioni vilikuwa vifaranga ishirini na viwili, na mawingu yalikuwa yameanza kufunguka.

Alhamisi tuliwafunika vifaranga kwa blanketi na chupa za maji ya moto, nikashuka Same. Betri ilijaa kabla ya saa nane, lakini friji sikuiwasha mpaka nilipoufuata kila waya kwa vidole. Soda niliinywa ya moto.

Jioni mama mdogo alipiga simu. Umeme umerudi, vifaranga wanakula vizuri, na yule aliyetoka wa kwanza ameshampa jina. Anaitwa Soda.