Mkono Uliovuka Kitambaa

Mimi ni mtu wa kushuku, sitaficha. Nikipimiwa maharage gulioni, naangalia mkono wa anayepima kuliko mizani yake. Msimu ule niliyekuwa namshuku ni jirani yangu wa mezani, mwanamke aliyetoka Ileje akaolewa huku kwetu Ihanda.

Meza ninayosema ni kichanja kirefu cha wavu pale kwenye mtambo wa kumenya kahawa. Punje zikishaoshwa huanikwa juu yake, nasi wanawake tunasimama pembeni tukichambua kabla jua halijawa kali. Punje nzuri ikiwa bado na ganda lake ni nyeupe. Mbovu ina umanjano, na wakati mwingine umanjano wenyewe ni wa mbali sana, ukizubaa umeipita. Kila mmoja hufunga kitambaa kwenye wavu kuonyesha kipande chake kinapoanzia. Msimamizi hupita, anachota kiganja kimoja kwenye kila kipande, anakitandaza kwenye sahani nyeusi, na mbovu zikijitokeza anajua za nani.

Kwa miaka mingi sahani yangu ilitoka safi, na mdomo sikuufunga, nilijisifu mpaka watu wakachoka. Msimu ule zikaanza kuonekana mbovu mbili, siku nyingine tatu. Nikajua hapa kuna mtu. Asubuhi moja nilikwenda kunywa maji, nikageuka ghafla, na huyo jirani yangu nikamwona: amepitisha mkono juu ya kitambaa changu, anapekua kahawa yangu haraka haraka, kisha mkono huo, tup, kwenye mfuko wa aproni. Nikasema moyoni, ameshamwaga, sasa anaficha zilizobaki.

Sikumuuliza. Nilikwenda moja kwa moja kwa msimamizi.

"Yule ananimwagia mbovu kwenye kipande changu," nikamwambia. "Nimemwona kwa macho yangu."

Kesho yake sikwenda mezani. Nina kisukari, mwaka wa sita sasa, na nesi wa kliniki alikuwa ametuambia kuna madaktari wa macho wamefika Tunduma na mashine ya kupiga picha ndani ya jicho, tena bure. Neno bure na neno Tunduma yakiwa pamoja, mimi hushika mkoba. Mji ule hata anayekuelekeza njia ana kitu cha kuuza. Lakini mama yangu mkubwa alikufa akiwa haoni, kwa sukari hiyohiyo, akiongozwa kwenda chooni na wajukuu. Nikaenda.

Walinisomesha herufi ukutani kwanza. Nikazisoma zote, mpaka mstari wa chini kabisa, nikawatazama kwa dharau kidogo. Kisha wakanitia matone, nikaweka kidevu kwenye kiegemeo cha mashine, nikaambiwa nitazame alama ya kijani nisipepese. Haikuuma. Hilo nalo likanitia wasiwasi: kitu gani cha maana hospitalini hakiumi?

Daktari, binti mdogo aliyeniamkia vizuri, alinionyesha picha kwenye kioo. Ilikuwa mistari ya kijivu iliyolaliana, kama udongo wa kingo barabara inapochongwa na greda.

"Mama, mishipa ya damu bado haijavuja, tushukuru," akasema. "Ila tabaka hili hapa juu ni la neva. Kwenye jicho la kulia limeanza kuwa jembamba kuliko tunavyotegemea kwa umri wako."

"Herufi si nimesoma zote?"

"Umesoma. Neva zinaweza kuanza kupungua kabla herufi hazijapotea. Ndiyo maana tunapiga picha."

"Na mashine yako haikosei?"

"Inakosea. Nimepiga mara tatu, nione kama majibu yatakuwa yaleyale. Na bado siwezi kukuapia kwamba ni sukari tu. Itabidi tukupige tena baada ya miezi, tulinganishe."

Nikasubiri atoe chupa ya dawa. Hakutoa. Akasema neva zikishapotea hana cha kuzirudisha, cha kufanya ni kuibana sukari ili zilizobaki zidumu. Hapo akanichanganya kabisa. Tapeli ninayemjua mimi huwa na dawa mkononi.

"Kuna rangi zinazokaribiana zinakusumbua, mama? Au vitu vyenye rangi hafifu?"

"Hakuna," nikajibu. Nilimdanganya. Nilihofia neno hilo likifika kijijini, mezani naondolewa.

Niliporudi kazini, kipande cha jirani yangu kilikuwa na mtu mwingine. Msimamizi alikuwa amemfukuza. Nilifurahi, Mungu anisamehe. Nikachambua asubuhi nzima nikiwa na amani, nikijua leo nitatoka safi. Msimamizi akapita, akachota, akatandaza.

"Mama, leo umelala?" akauliza. "Tisa! Tangu uanze kazi hapa sijaona hivi."

Niliitazama sahani. Nilikuwa naona punje nyeupe, basi. Nikaziba jicho la kushoto kwa kiganja: zote nyeupe. Nikaziba la kulia, na umanjano ukajitokeza, kidogo, kwenye moja, kwenye ya pili, kwenye nyingine pembeni. Msimu mzima sikumwagiwa hata punje moja. Zilikuwa zangu, nazipita mwenyewe, na yule mwanamke alikuwa anavuka kitambaa kuziokota kabla msimamizi hajafika.

Nilimwambia msimamizi palepale, mbele ya wenzangu, habari ya jicho na habari ya mkono. Mimi akanipeleka kwenye reki, kazi ya kugeuza kahawa, akasema jirani yangu atamwita arudi mezani.

Jioni nilimtangulia msimamizi, nikaenda kwa jirani yangu kwa miguu yangu. Nilimkuta uani kwake anachambua maharage kwenye ungo. Hakunikaribisha, wala hakunifukuza. Nikakaa.

"Ulikuwa unanitolea," nikasema.

"Ee, nilikuwa natoa."

"Sasa kwa nini hukuniambia, dada yangu?"

"Ningekuambia macho yako yameanza kukosea, wewe ungeniamini?"

Niliona aibu mpaka masikio yakawaka moto. Nikavuta ungo ukawa katikati yetu, nikaanza kuchambua upande wangu. Baada ya muda akapitisha mkono upande wangu, akaokota moja bovu nililoliacha, akalitupia kuku. Nilimwona, na nikamwacha.