Shoka Nililolisimika Uani

Nilipokuwa mtoto kule Ujiji, niliamini mvua inanisikiliza. Usinicheke, hata wewe ungekuwa kitinda mimba kwenye nyumba ya Bibi ungeamini. Bibi alisema mtoto wa mwisho akisimika shoka uani, makali yakitazama juu, wingu hupasuka likapita kando.

Ilikuwa miaka ile ya wakimbizi. Nyuma yetu, bondeni karibu na Mto Luiche, aliishi Mama Esperansi kutoka Burundi, na mama yake mzazi, kikongwe asiyeweza kutembea. Mvua ilipoingia siku ya tatu, watu walichimba mitaro na kupandisha magunia ya dagaa darini. Mama Esperansi akaja kuomba mkokoteni wa baba, ampeleke mama yake shuleni, kule mlimani.

Nilikuwa nimetoka kusimika shoka, nimelowa chapachapa. Nikamzuia mlangoni.

"Mkokoteni wa nini tena? Nimeshaikata!"

"Umekata nini, mwana wanje?" aliuliza, akiniita mwanangu kwa Kirundi chake.

"Mvua. Mimi ndiye wa mwisho."

Alicheka. Bibi hakucheka. Alichungulia mbingu, akasema, "Huyu hajawahi kukosea."

Na kweli, kabla ya adhuhuri jua likatoka. Loo, nilivyotamba mtaani! Magunia yakashushwa, dagaa wakaanikwa. Mama Esperansi akasema basi, mama yake mgongo unamuuma, atampandisha kesho taratibu. Akamfunika vizuri, akaenda kuuza mboga sokoni Mwanga.

Hakuna aliyetazama milimani, ambako kulikuwa bado kweusi. Huko ndiko mto unakotoka, si uani kwetu. Alasiri, jua likiwaka, Luiche ukaja na migomba mizima. Mama Esperansi aliporudi mbio, alikuta maji tu. Mkokoteni ulikuwa bado umeegemea ukuta wetu.

Hakunigombeza. Alinishika kichwa, akaniuliza kama nimekula. Nadhani ningepona mapema kama angenichapa.

Bibi aliling'oa shoka, akapasulia kuni.

Nimezunguka miji mingi tangu hapo, nikichekesha watu kila nilipofika. Mvua ikikatika ghafla, wenzangu hufungua madirisha. Mimi hufunga mizigo, hata nikiwa ghorofa ya tisa. Wananicheka, nami nacheka nao. Sijawahi kuwaambia kwamba mwanamke mmoja alikuja kuomba mkokoteni, nami nikamwambia hauhitaji.