Ngazi za Mlangoni

Nyumba ya mfugaji imekaa imara juu ya nguzo, ila malisho yake, kinamasi kilichokaushwa kwa mitaro tangu enzi za babu yake, yanadidimia. Kila yakididimia, yeye huongeza ngazi moja mlangoni, akipiga mluzi.

"Nyumba yetu inakua," humwambia mkewe, Froukje.

"Udongo wako uliokaushwa ndio unaoza, unapaa hewani kama moshi! Si wataalamu wa udongo walikwambia uache mitaro ijae maji?"

"Wataalamu wana ng'ombe wangapi?"

Jana Froukje alimpelekea kahawa, akamkuta ameinama mtaroni, ile mikono mipana ikipachika ubao wa kuzuia maji yasitoke. Mumewe akajikunyata kama mtoto aliyekutwa na sukari mdomoni.

"Ehe! Wataalamu wamekushinda?"

"Wataalamu gani?" akang'aka, akisugua magoti. "Ngazi ndizo zimenishinda."