Ngome ya Ziwa Nisilolijua

Mwishoni mwa miaka ya tisini, mashamba makubwa upande wa Kitengela yalipokuwa yakikatwa ploti, familia moja iliyokuwa ikihama iliuza vyombo vyake uani. Nilinunua katoni ya vitabu. Chini kabisa nilikuta picha ya kale iliyopigwa chapa kwa wino mweusi: merikebu zenye matanga zikiipiga mizinga ngome iliyo ukingoni mwa maji, moshi umetanda, askari wakishuka kutoka kwenye mashua chini ya ukuta. Nyuma ya ngome kulikuwa na milima. Bendera hazikuwa na rangi, kwa hiyo hazikunisaidia.

Chini ya picha kulikuwa na mistari michache ya Kifaransa. Shule niliiacha mapema, lakini nimejisomesha tangu ujana, na kitu nisichokielewa hunikosesha raha. Kwa kamusi nilipata neno moja: ziwa. Jina lililofuata lilikuwa limefunikwa na doa la maji. Lilihitaji lenzi, mwanga wa asubuhi na subira. Karatasi nayo ilikuwa ikimeguka kila nilipoigusa. Nikaamua iwekwe kwanza chini ya kioo, ndipo niisome bila kuiharibu.

Nikaipeleka kwa fundi wa fremu. Niliporudi, picha ilikuwa imekaa sawasawa kwenye mbao zake, na maandishi hayakuwepo.

“Maandishi yako wapi?” nikauliza.

“Ile ya chini? Nilikata, mzee.”

“Nani alikwambia ukate?”

“Si ni kalenda? Hakuna mtu anaweka miezi kwa sitting room. Na hiyo miezi yenyewe iliisha kitambo, angalia vile karatasi imezeeka.”

Sikuweza kumwita mjinga. Nyumba nyingi za Kitengela wakati huo zilipambwa hivyo: mwaka ukiisha, miezi inakatwa, maporomoko ya maji au farasi wa kalenda wanatiwa fremu. Mkono wake ulikuwa umezoea. Nilimwomba anipe kile kipande.

“Ilikuwa karatasi ngumu, poa sana,” alisema. “Nilikunja nikaweka nyuma ya picha ya mzee mmoja wa Bisil. Kioo yake ilikuwa inacheza.”

Aliyeileta picha hiyo alikuwa na duka la dawa za mifugo. Siku ya soko nilikwenda Bisil na koleo ndogo, kitambaa safi na bahasha. Duka sikulikosa. Picha ilining'inia juu ya rafu ya dawa za kupe: mzee wa Kimaasai, sura yake imekuzwa kutoka kwenye kitambulisho.

“Sopa,” nilimsalimu mwenye duka.

“Ipa. Ng'ombe ama mbuzi?”

Nilimweleza yote, kuanzia uani hadi kwa fundi. Alisikiliza vizuri, huku akimhudumia mteja.

“Huyo ni baba yangu,” alisema. “Alishaenda. Picha ni hiyo moja tu. Fundi wa kwanza alipoifungua, ilikuwa imeshikana na kioo. Ikatoka bila sikio. Angalia.”

Nikaangalia. Upande wa kushoto palikuwa na weupe mahali pa sikio.

“Nitafungua nyuma tu,” nikasema. “Kioo sitakigusa.”

“Huyo fundi pia alisema hivyo. Sasa umekuja kuchukua sikio ya pili?”

Wateja wakacheka. Mimi sikucheka.

“Hiyo vita yako,” akauliza, “nani alishinda?”

“Sijui. Ndiyo maana nataka maandishi.”

“Umetoka Kitengela na koleo juu ya vita, na hata hujui nani alishinda?” Akaniagizia chai. “Kunywa, mzee. Karatasi ni yako, sikatai. Lakini baba ni wangu.”

Niliinywa nikiitazama fremu. Jina la ziwa lilikuwa mgongoni mwa yule mzee, karibu kiasi kwamba ningeweza kunyoosha mkono.

Kwa miaka iliyofuata nilipekua vitabu vya jiografia na vya historia kila nilipovipata, hata kwenye maktaba mjini Kajiado. Maziwa yenye ngome na milima ni mengi kuliko nilivyodhani. Niliyaondoa moja moja pale umbo la milima lilipokataa, na bado yalibaki mengi mno. Mwanangu alipoanza kwenda saiba, kwenye kompyuta za intaneti za kulipia, aliniambia nitafute huko. Nitafute nini? Mashine ile ilitaka jina, na jina ndilo nililokuwa nikilitafuta.

Mwenye duka aliniahidi jambo moja: kioo kikivunjika chenyewe, ataniita. Kila nikipita Bisil kwenda Namanga huingia kumsalimu, na macho yangu huenda ukutani kabla ya salamu kuisha. Mara ya mwisho kioo kilikuwa kimepanguswa kikang'aa, na fremu ilikuwa imeongezewa msumari wa pili.