Siku Nilipomfukuza Mtani Msibani

Naikumbuka siku moja, mwanangu, niliyomfukuza mtu msibani kwa jina la Yesu, nikarudi nyumbani nikijiona nimefanya kazi kubwa. Nakusimulia kwa sababu juzi ulikuja hapa na barua yako ya ajira. Kanisa limekupa kazi ile ile niliyoifanya mimi miaka yangu yote, ya kuhudumia familia, na niliona ulivyoishika barua hiyo kwa vidole viwili isije ikakunjika. Hata mimi ya kwangu niliishika hivyo hivyo. Basi kaa, chai ipo. Ya chuoni umeshafundishwa, lakini hili sidhani kama walikufundisha.

Ilikuwa miaka ile ya watu kuhamia vijiji vya ujamaa. Kanisa lilinituma kwenye kijiji kipya karibu na Tura, kando ya reli, nyumba zimepangwa mstari na nyasi za paa bado mbichi. Mimi ni Mnyamwezi wa Ipole, kama unavyojua, lakini nilikulia uani mwa misheni. Baba yangu alikuwa mwalimu wa shule ya kanisa, mtu mkali kweli kweli. Kwetu ngoma ilikuwa dhambi na utani ulikuwa upuuzi. Nyimbo za kitabu tulizijua kwa namba, lakini mambo ya watu wetu wenyewe tuliyasikia kwa mbali tu, ng'ambo ya ukuta. Sasa mtu wa namna hiyo, msichana wa miaka ishirini na mitatu, kapewa kitambaa cheupe cha kichwa na begi la vitabu, anaingia kijijini kuwafundisha watu kuishi! Nikikumbuka najicheka mwenyewe.

Kazi niliipenda, nisiseme uongo. Asubuhi nilizunguka nyumba kwa nyumba. Nilikaa na akina mama, tukapika uji wa ulezi na karanga kwa ajili ya watoto, nikawasikiliza waliogombana na waume zao, jioni nikarudi na vumbi mpaka magotini. Nyumba iliyonipokea kwanza ilikuwa ya Kashindye na mkewe Nyamizi. Kashindye alikuwa mrina asali, mpole, anachechemea kidogo mguu wa kushoto. Nyamizi alikuwa rika langu, na alikuwa na mtoto mchanga aitwaye Kabula. Nilipofika sina hata chungu cha kupikia, Nyamizi alinipa chake, yeye akaazima kwa jirani. Nilimpenda tangu siku hiyo.

Mwezi wangu wa tatu pale, Kashindye alianguka kutoka juu ya mti akishusha mzinga. Walimleta nyumbani ameshafariki.

Mchungaji wetu alikuwa na vijiji vingi na baiskeli moja, na siku hiyo alikuwa mbali. Kwa hiyo mazishi niliyasimamia mimi pamoja na mzee mmoja wa kanisa. Nilijiandaa vizuri. Nilichagua masomo, nikawapanga wanakwaya, nikawaambia watu wakae kwa utulivu. Watu walikuwa wengi, Wakristo na Waislamu, na mwenyekiti wa kijiji alikuwepo pia. Nyamizi alikuwa amekaa chini, amemkumbatia mtoto, macho kayaelekeza ardhini. Pembeni yake alikaa mama yake Kashindye, Bibi Kalunde, ambaye alikuwa amemzika mume na sasa anamzika mwana.

Ndipo akatokea mtu amevaa koti la marehemu na kofia ya marehemu, anachechemea mguu wa kushoto vile vile kama Kashindye. Alikuwa Mgogo, jina lake Ndahani, mfanyakazi wa genge la reli pale stesheni. Nilikuwa nimewahi kumwona akija kunywa togwa kwa Kashindye. Akapaza sauti, "Mnamwona Mnyamwezi huyu? Kasikia wiki ijayo ni zamu yake shamba la kijiji, akaona bora apande mtini akafe! Mwenyekiti, mwandike mtoro!"

Watu wakacheka. Wengine walicheka huku machozi yakiwatoka, na mwenyekiti mwenyewe aliangalia pembeni akiuma midomo. Ndahani hakuishia hapo. Akaenda kaburini, akashuka, akajilaza chali. "Hapa hazikwi mtu mpaka nipewe jogoo wangu," akasema. "Na awe mnene, si kama yule wa mwaka jana."

Mwanangu, damu ilinipanda. Niliona kanisa linadharauliwa na rafiki yangu anatukaniwa mumewe mbele ya kaburi. Nikasogea pale ukingoni nikapiga kelele, "Toka! Kwa jina la Yesu nakwambia toka! Mwenzako amekufa, wewe huna hata haya?"

Kicheko kikakatika. Ndahani akasimama, akajipangusa udongo, akapanda juu. Akavua lile koti, akalikunja vizuri, akaweka kofia juu yake, akaondoka kufuata reli. Tukaendelea na ibada, na pakawa kimya sana. Ule ukimya ulinifurahisha. Nilidhani ndio heshima.

Kuanzia siku hiyo Nyamizi hakula. Siku ya kwanza nikasema ni majonzi, yatapita. Siku ya pili nikamsomea Zaburi. Siku ya tatu nikampikia uji kwa mikono yangu, nikaupoza, nikampelekea kijiko mdomoni, akageuza uso ukutani. Hakulia na hakuongea. Maziwa yakamkauka. Kabula alinyonya, akaachia, akalia, akanyonya tena. Tulijaribu maziwa ya ng'ombe, akayatapika. Siku ya nne kilio chake kilikuwa kimekuwa chembamba, na mimi niliyefundisha akina mama wa kijiji kizima jinsi ya kulisha watoto sikuwa na la kufanya. Niliogopa, mwanangu. Niliogopa kwamba tutamzika mtoto, na pengine mama yake baada yake.

Alasiri ile nilitoka nje nikamkuta Bibi Kalunde ameketi barazani. Nikamwamkia, "Shikamoo, bibi." Hakuitikia. Mtu mzima asipoitikia shikamoo yako, ujue kuna jambo. Nikakaa chini karibu na miguu yake nikasubiri.

"Mwalimu," akasema, maana ndivyo walivyoniita pale, "wewe una mtani?"

"Sina, bibi. Kwetu hatukufanya mambo hayo."

"Basi ndiyo maana." Akajifuta macho. "Mimi hapa nalia. Mkamwana wangu ana msiba, majirani wote wana msiba. Sasa nani asimame? Mtani ndiye tuliyemruhusu asilie, ili atushike sisi. Baba yangu alikuwa mpagazi, alibeba mizigo ya watu kutoka hapa mpaka pwani. Njia inapita Ugogo, jua kali, maji hakuna, na visima ni vya Wagogo. Waligombana na kuumizana mpaka wakachoka, mwisho wakaona afadhali watukanane kwa kucheka, kila mtu apate maji. Wenzetu waliofia njiani walizikwa na hao hao Wagogo. Mpaka leo sisi tukifiwa wanakuja, na wao wakifiwa tunakwenda. Wewe umekuja juzi na begi lako, umemfukuza."

Nikaanza kujitetea. Nikasema kwamba alikuwa anamtukana marehemu, na Nyamizi alikuwa anasikia.

"Ndiyo, alikuwa anasikia," akasema Bibi Kalunde. "Ndahani alipoanza kuchechemea, Nyamizi aliinua kichwa. Wewe hukuona, ulikuwa unatazama kitabu chako. Mimi nilimwona. Tangu ulipomfukuza hajainua tena."

Yule mama alikuwa amefiwa na mwanawe wa pekee, na bado alipata nguvu ya kunifundisha mimi, mtoto wa watu, bila hata kupandisha sauti. Mpaka leo namshukuru. Angeweza kunifukuza, na ingekuwa haki yake.

Kesho yake asubuhi nilifuata reli mpaka nilipolikuta genge. Ndahani alikuwa ameinama na spana anakaza nati. Nikampigia magoti pale pale kwenye kokoto, mbele ya wenzake, nikamwomba radhi, nikamweleza kuhusu Nyamizi na mtoto. Akaweka spana chini.

"Kashindye alikuwa rafiki yangu miaka tisa," akasema. "Siku ile niliposikia, nililia huku stesheni mpaka wenzangu wakanimwagia maji. Nilimaliza kulia kwanza ndipo nikaja, maana kazi iliyonipeleka pale haikuwa kulia. Nawe ukaniuliza kama nina haya."

Nikasema, "Nisamehe, baba. Sikujua."

Akanitazama. "Kwani wewe kabila gani?"

"Mnyamwezi."

"Mnyamwezi!" Akawageukia wenzake. "Jamani, huyu ni mtani wangu mwenyewe, na alikuwa hajui! Mtoto huyu kalelewa kama yatima!" Wakacheka wote. Yeye naye akacheka, na hapo nikajua nimesamehewa. Ila alisema faini iko palepale. Akaenda chumbani kwake akarudi na gunia la mtama. "Mnyamwezi akiomba radhi anabeba mzigo. Twende."

Basi niliingia kijijini na kitambaa changu cheupe, gunia begani, jasho linanitiririka, na Ndahani mbele na fimbo yake kama kiongozi wa msafara, anapiga kelele, "Pisheni! Msafara unatoka pwani! Nimepata mpagazi mmoja tu, naye ni mvivu!" Wanawake waliacha kutwanga. Watu wakatoka majumbani wakanifuata wakipiga vigelegele. Mwalimu wa kanisa mwenyewe! Niliona aibu, lakini chini ya ile aibu nilikuwa nimeanza kufurahi.

Tukafika. Nyamizi alikuwa palepale ukutani, na sahani ya ugali kando yake haijaguswa. Ndahani akaingia akachechemea, mguu wa kushoto. Akakaa mbele yake, akaivuta ile sahani akaanza kula.

"Mumeo kakwepa shamba," akamwambia, "na wewe unakwepa kula. Vizuri, nitakula mimi. Mchuzi wenyewe hauna chumvi, lakini kwa Wanyamwezi mtu atapata wapi chumvi?"

Akamega tonge la pili, na la tatu. Nyamizi akageuka. Akamtazama Ndahani, akaitazama na sahani.

"Mgogo wewe," akasema, sauti imekauka, "umekuja msibani au umekimbia njaa kwenu?"

"Njaa," akasema Ndahani huku anatafuna.

Nyamizi akacheka. Akacheka mara moja tu, halafu kilio kikamtoka, kilio cha siku tano, na Bibi Kalunde akaingia akamshika, wakalia pamoja. Ndahani alisubiri. Walipotulia aliisogeza sahani mbele ya Nyamizi akasema kwamba yamebaki matonge manne, na yeye hana subira. Nyamizi akamnyang'anya, akala. Jioni akanywa uji. Kesho yake Kabula alinyonya mpaka akasinzia titi likiwa mdomoni, na mimi nikatoka nje nikalia peke yangu kwa furaha.

Nilipomsimulia mchungaji aliporudi, nilitegemea anikemee kwa kubeba gunia nikiwa nimevaa kitambaa cha kanisa. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Basi sasa unaweza kuanza kazi."

Kwa hiyo, mwanangu, ushauri wangu ni huu. Ukiingia kwenye nyumba ya watu, ujue hukuwa wa kwanza kuwapenda. Kabla hujafika walikuwa na watu wao wa kuwashika: shangazi mmoja hivi, jirani, mtani, pengine mlevi mmoja ambaye wewe usingempa hata kiti. Uliza kwanza ni nani. Omba, soma Neno, usiache, nami sikuacha hata siku moja. Lakini kitabu chako kisikuzuie kutazama nyuso za watu. Na ukiona mtu anafanya jambo usilolielewa msibani, mtazame mfiwa kwanza: ameinua kichwa, au amekiinamisha? Mengine utauliza baadaye kwa upole. Na siku utakayokosea, maana utakosea, usitume mtu. Nenda mwenyewe, kwa miguu yako, ukapige magoti.

Mungu aliyenivumilia mimi akuvumilie na wewe. Akupe wazee wa kukurudi bila kukuaibisha, na watani wa kukucheka bila kukudharau. Kila nyumba yenye huzuni utakayoiingia, akujalie usitoke humo mpaka mtu amekula. Amina, mwanangu. Nenda salama.