Mashavu Aongeza Chumba

Mashavu binti Semboja alikuwa mtu wa kupanga. Kibuyu cha chumvi kikiwa bado kimejaa, yeye alikwisha anza kuuliza chumvi ya mwezi ujao itatoka wapi. Alikaa Korogwe, upande wa kuelekea mtoni, na mumewe Mhina, mkulima mpole asiyejua kupandisha sauti hata kwa ngedere walioingia shambani. Mtoto wao mkubwa, Hiza, alikuwa Mazinde akikata mkonge, na wadogo zake wawili walikwisha olewa. Mashavu mwenyewe kila siku ya gari moshi aliweka ungo wake wa ndizi na viazi vya kuchemsha karibu na kituo, akauza, akarudi nyumbani kabla ya adhuhuri, akaswali.

Zilikuwa zamani za Mjerumani, mwaka wa tano tangu reli ifike Mombo. Mwaka huo Mashavu alikuwa na jambo moja tu rohoni: mama yake.

Mama yake, Bi Tatu, alikaa peke yake Sindeni, upande wa Handeni, mwendo wa siku moja na kipande kwa miguu. Macho yake yalianza kuingia ukungu, ukungu ukawa mzito, hata mwisho akawa hajui mchana na usiku ila kwa sauti za kuku. Vuli iliyopita ncha ya kaniki yake ilishika moto jikoni. Jirani aliuona moshi akakimbilia, akauzima moto kwa maji ya kunywa, mguu mmoja ukiwa umekwisha ungua. Mashavu alipopata habari hakula siku ile.

Alikwenda Sindeni mara tatu kumbembeleza. Mara tatu alipewa jibu lile lile.

"Mimi nipite mlango mmoja na mkwe wangu?" Bi Tatu alisema. "Nitoke asubuhi nikumbane naye kizingitini, upawa mkononi? Mwanangu, haya zangu hazijapofuka."

Na ni kweli. Kwa Wazigua, mama mkwe na mkwe hawaonani ana kwa ana, hawapishani njiani, wala hawalali mahali pamoja. Mkwe akimwona mama mkwe mbele, anaingia porini, na mama mkwe naye anageuza uso, kila mmoja kwa heshima ya mwenzake.

Mhina ndiye aliyepata njia. Jioni moja alichukua kijiti akachora kwenye majivu ya jikoni.

"Hii nyumba yetu," alisema. "Hapa nyuma, kwenye migomba, tunaunga chumba. Ukuta mmoja tunaushiriki, lakini mlango wake unatazama migombani. Njia yake ya chooni huku. Sisi mlango wetu kule barabarani. Anakaa kwetu, lakini hapiti kwetu."

"Kwa nini tusimjengee kibanda chake mbali kidogo?"

"Karani wa kodi akipita atahesabu nyumba mbili. Halafu akiita usiku, nani atamsikia? Ukuta mmoja, mama Hiza. Akikohoa unasikia."

Mashavu alimtazama mumewe kama aliyemwona leo. Safari ya nne akaenda Sindeni na habari hiyo. Bi Tatu aliupapasa mguu wake ulioungua.

"Basi nitakuja nionje," alisema. "Siku saba. Zikiisha na roho yangu imekataa, mnanirudisha kwangu, na msinisumbue tena mpaka Mungu atakaponiita."

Mashavu akakubali. Angefanya nini?

Ikabaki kutafuta fundi. Hapo Mashavu hakuwa na haraka. Alizunguka Korogwe nzima akitazama nyumba mpya, na alipofika hakuwauliza wanaume, maana wanaume husifu paa wakiwa nje. Aliwauliza wanawake, kwa kuwa wao ndio wanaoweka chungu chini ya tone mvua ikinyesha. Nyumba iliyomvutia kuliko zote ilikuwa ya Raheli, mwanamke wa Kikristo aliyeshuka kutoka Bungu na mumewe. Kuta zake zilikuwa zimenyooka, kona zake kali kama zimekatwa kwa kisu, na kidirisha chenye ubao.

"Inavuja?" Mashavu aliuliza.

"Masika mawili, hata tone," alisema Raheli. "Aliyeijenga ni Mwinjuma. Fundi mzuri, ila anajisifu mpaka ugali unapoa."

Mwinjuma alikuwa Mnyamwezi aliyeshuka pwani na misafara akiwa kijana, akasilimu Pangani, akapata jina lake huko, kisha akafanya kazi ya kujenga vituo vya reli. Kutoka relini aliondoka na chuma kimoja cha kupimia pembe, vipande viwili vilivyoungana, na chuma hicho alikichomeka kiunoni hata siku za Ijumaa.

"Mama Hiza," alisema alipokuja kupatazama mahali, "mimi sijengi misonge. Msonge ni nyumba ya mtu aliyechoka kufikiri. Anakwenda anazunguka, anazunguka, mpaka amefika alipoanza. Mimi najenga pembe nne. Ukiweka chuma hiki kwenye kona yangu, hata sisimizi hapiti katikati."

"Nataka kama ya Raheli," alisema Mashavu.

"Ya Raheli nilikuwa najifunza."

Wakaelewana mbele ya Mhina na jirani mmoja: Mhina atatoa nguzo na fito, Mashavu majani ya kuezekea na chakula cha mchana, na kazi ikiisha fundi apewe mbuzi jike mwenye mimba. Mwinjuma akapigilia vigingi, akavuta uzi, akaweka chuma chake kona hadi kona. Wanawake wa jirani walichota maji, wakakanyaga udongo wakiimba, na kiambaza kikapanda. Siku ya kumi na nane paa lilifungwa. Watu walikuja kutazama. Mashavu alisimama migombani mikono kiunoni, moyo wake umejaa, Mungu amsamehe, kwa majivuno kidogo. Ndani aliweka kitanda cha kamba, mtungi, kikapu cha mtama, na mkeka mpya.

Bi Tatu alifika juu ya punda wa kuazima, Alhamisi alasiri. Mhina aliposikia kwato alitokomea shambani. Mwinjuma alikuwapo, akimalizia kizingiti.

"Karibu, bibi. Mimi ndiye fundi, mtu wa Unyamwezini."

Bi Tatu akageuza kichwa, na uso wake wote ukachangamka. Wazigua na Wanyamwezi ni watani tangu enzi za misafara, na mtani husema atakalo, huchukua atakacho, na hakuna kukasirika.

"Unyamwezini! Mashavu, umeniletea mpagazi anijengee nyumba? Mzigo wa pembe za ndovu umemshinda?"

"Bibi, nyinyi mlikuwa mnauza maji njiani, sisi tunapita na mali."

"Na viatu hamna!"

Wakacheka wote watatu. Mashavu alilala usiku ule akimshukuru Mungu.

Lakini asubuhi alisikia kupitia ukutani mkwaruzo, kisha kitu kikavunjika, kisha kimya. Alizunguka mbio. Bi Tatu alikuwa amesimama kwenye kona, ameupa uso ukuta, miguu yake imelowa maji. Mtungi ulikuwa vipande vipande.

"Mlango uko wapi?" aliuliza polepole.

Siku ya pili ikawa vile vile. Siku ya tatu Bi Tatu hakujaribu tena. Alikaa kitandani mpaka aje Mashavu kumshika mkono, amtoe nje kama mtoto anayejifunza kutembea. Utani uliisha. Chakula alikigusa tu. Mhina, kila apitapo upande wake wa ukuta, alikohoa ili mama mkwe ajue aliko, na Bi Tatu hata hakusema kitu juu ya kikohozi hicho.

Siku ya nne alisema, "Zimebaki tatu, mwanangu."

"Mama, nini kinakusumbua? Chumba hiki watu wa Korogwe wote wamekisifu."

"Nasikia ni kizuri. Lakini msonge wangu naujua. Naweka mkono ukutani, natembea, na mlango unanijia wenyewe. Hata niwe nimetoka usingizini, haunipotei. Humu mkono unakwenda vizuri, ghafla unaingia kwenye pembe. Nikigeuka, sijui nimegeuka kiasi gani. Nikiondoka ukutani ndio nimepotea kabisa. Sindeni nilikuwa kipofu jikoni tu, Mashavu. Hapa nimekuwa kipofu kila mahali."

Mashavu alitoka nje akakaa kwenye kinu kilicholazwa. Aliwaza namna alivyozunguka mji mzima akiuliza. Alimuuliza Raheli, aliwauliza wanawake wa sokoni, alimuuliza fundi. Mtu mmoja tu hakumuuliza, naye ndiye wa kulala humo. Alijifuta macho kwa ncha ya kanga, akaomba kimya kimya, "Ya Rabi, usimrudishe kwenye moto ule kwa sababu ya majivuno yangu."

Siku ya tano Mwinjuma alikuja kuchukua mbuzi wake. Alikuta wamekaa kwenye mkeka mlangoni, wameinama, mama na mwana.

"Mbona msiba? Bibi, umezionaje kona zangu?"

"Sogea hapa nikuambie," alisema Bi Tatu. Fundi alipoinama, mkono wa kizee ukapita kiunoni mwake, na chuma cha kupimia kikawa chini ya mkeka. "Hiki nimekichukua. Utani."

"Aa, bibi! Hicho sicho! Chukua kofia, chukua shuka!"

"Nataka hiki. Utakipata kwa sharti moja. Mashavu, mfunge macho. Fundi anaingia ndani ya chumba chake, umzungushe mara tatu, umwachie. Akitoka mlangoni bila kuita mtu, chuma chake hiki hapa."

"Hilo tu?" Mwinjuma alicheka. "Nimekijenga mwenyewe!"

Mashavu alimfunga kwa kanga, akamzungusha, akamwacha. Fundi akanyoosha mikono akaenda kwa kujiamini, akagonga kitanda kwa goti. Akarudi nyuma. Akapata ukuta, akaufuata, akaingia kona. Akageuka, akapata ukuta mwingine, au ule ule, akaingia kona nyingine.

"Bismillahi," alisikika akisema ndani. Kisha kikapu cha mtama kikapinduka. "Huu ukuta ameuweka nani hapa?"

"Mpagazi amepotea njia ya pwani!" Bi Tatu alipaza sauti, na kwa mara ya kwanza tangu Alhamisi akacheka, machozi yakimtoka. Nyuma ya ukuta wa pamoja Mhina naye alisikika akikohoa kikohozi ambacho hakikuwa kikohozi.

Mwisho Mwinjuma aliita. Mashavu aliingia, akamkuta kwenye kona ya mbali na mlango, jasho linamtiririka, nafaka miguuni, akamfungua kanga. Alitazama kona ile, akaipapasa kwa kiganja, akatazama zile nyingine. Kisha akaja akachuchumaa mbele ya Bi Tatu.

"Kumbe," alisema.

"Ndiyo, mtani. Kumbe."

"Nikizivunja, watu wa Korogwe watasema Mwinjuma amerudi kwenye msonge."

"Nani amekuambia uzivunje? Nje ziache na ukali wake, watu wazitazame wafurahi. Ndani nitengenezee mimi. Ndani hapana atakayeona, hata mwenye chumba haoni."

Mwinjuma aliiweka kando habari ya mbuzi. Alikata fito fupi akazisimika ndani ya kila kona, Mhina akaleta udongo mpaka kwenye migomba na kuuacha pale akakimbia, Mashavu akaukanyaga kwa maji mwenyewe. Fundi akajaza kona zote nne, akazikandika na kuzisugua kwa kiganja mpaka ukuta ukawa unapinda taratibu kama ubavu wa chungu. Kitanda wakakisogeza katikati ili kisikatize njia ya mkono. Alifanya kazi siku mbili bila kujisifu, jambo ambalo Raheli alipoambiwa hakulisadiki.

Siku ya saba, baada ya adhuhuri, udongo ulikuwa bado mbichi. Bi Tatu aliingia peke yake. Mashavu alisimama nje na fundi, asithubutu kuchungulia. Walisikia kiganja kikiteleza juu ya ukuta, polepole, kisha kwa haraka zaidi. Bi Tatu akatokea mlangoni. Akaingia tena. Akatokea tena, amenyooka, bila fimbo. Mara ya tatu akatoka huku anaimba kiwimbo cha Kizigua cha wasichana wachanga.

Mwinjuma alichungulia ndani. Vidole vya bibi vilikuwa vimechora mfereji mdogo kwenye udongo mbichi, kuzunguka chumba kizima mpaka mlangoni. Akanyoosha mkono aulainishe, Bi Tatu akamsikia.

"Uache hivyo! Ukikauka itakuwa barabara yangu." Akakaa mlangoni, akaingiza mkono chini ya mkeka. "Na chuma chako hiki, kawatese wengine. Lakini uwaulize kwanza nani atalala humo."

"Nitauliza, mtani."

Mashavu alikuwa bado hajapata jibu alilolitaka, na aliogopa kulitafuta. Alikaa chini karibu na mama yake, akaanza kumkung'uta udongo mikononi, kidole kimoja kimoja. Bi Tatu alimwachia.

"Mashavu," alisema baadaye, "kinu changu kiko Sindeni, na kile kigoda cha baba yako. Mtu aende akanichukulie, kabla masika hayajaanza. Siwezi kukaa miaka kwenye nyumba isiyo na kinu changu."

Mashavu aliishika mikono ile kwa nguvu. Kisha ikatoka sauti nyingine, kutoka upande wa pili wa ukuta, ya upole, ikijifanya inazungumza na mkewe tu.

"Mama Hiza, mwambie mama kesho alfajiri nitakwenda mwenyewe."

"Mashavu," Bi Tatu akajibu, ameugeuzia uso ukuta, "mwambie mwenye nyumba ahsante sana. Na mwambie atumie asali kwa hicho kikohozi."